Asilimia 34 Haikupi Usingizi: Ninavyochagua Bangi ya Matibabu Huku Massachusetts

Kila anaejua kwamba nina kadi ya bangi ya matibabu huniuliza swali moja tu, "ipi kali?" Hajatokea hata mmoja akaniuliza ipi safi, ipi mpya, au ipi ambayo nikivuta leo na nikivuta mwezi ujao itanifanyia kitu kilekile. Wala siwalaumu, maana hata maduka yenyewe ndivyo yanavyouza, ukiingia tu kuna skrini kubwa ukutani, majina ya ajabuajabu, halafu mbele ya kila jina asilimia ya THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, yenye namba kubwa iko juu, ndogo iko chini, na bei inapanda na namba. Mgonjwa wa mara ya kwanza anatoka pale anaamini namba kubwa ndio dawa nzuri, na hapo ndipo ugomvi wangu na biashara hii unapoanzia.

Kwa asienijua, mie mtu wa Wete, Pemba, maisha yamenileta Worcester, jimbo la Massachusetts, na huku ndiko mkanda wa jeshi uliponikuta, upande wa kushoto, ukaanzia mbavuni ukazunguka mpaka mgongoni. Vipele vilikauka vikaondoka lakini neva zikabaki zinaungua, yaani hata kanga ikigusa pale naruka. Daktari akanipa gabapentini, vidonge vya maumivu ya neva, akanipa na plasta za ganzi za kubandika, mchana zinasaidia sana tu ila usiku ndio mtihani. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe kuhusu bangi, akaniambia kwa maumivu ya neva ushahidi upo, sio mkubwa kama wanavyopiga kelele mitandaoni, lakini upo, tujaribu kidogokidogo. Massachusetts wagonjwa wameruhusiwa tangu kura ya 2012, duka la kwanza likafunguliwa Salem mwaka 2015, na ile ya kujistarehesha ikaanza kuuzwa Novemba 2018, moja kati ya maduka mawili ya mwanzo liko Leicester, hapo tu ukitoka Worcester. Tume inayosimamia mambo haya, Cannabis Control Commission, makao yake yako Union Station, kituo cha treni cha mjini kwetu. Yaani kitu ambacho Wete ukikitaja watu wanasoma audhubillahi, huku kina ofisi, kina fomu na kina risiti.

Kabla sijafika mbali, hili ni kwa ndugu zangu wa grini kadi. Sheria ya jimbo na sheria ya serikali kuu ya Marekani ni vitu viwili. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, iliandika wazi kwamba kujihusisha na bangi, hata kwenye jimbo lililoruhusu, kunaweza kukukwamisha kwenye ombi la uraia, pale kwenye kipengele cha tabia njema. Mie nilikula kiapo cha uraia kwanza ndio nikajaza fomu za kadi. Kama wewe bado, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujaongea na muuza bangi. Na mnaofanya kazi za kuhudumia wazee, someni kwanza mwajiri wenu anasemaje kuhusu vipimo vya mkojo, kadi haikulindi kila mahali.

Haya, turudi kwenye namba.

Ua bichi la bangi halina THC ya maana, lina THCA, na hiyo hailewishi mpaka ipate moto. Ikipata moto inapoteza uzito kidogo inageuka THC, ndio maana maabara wanachukua THCA wanazidisha kwa 0.877 halafu wanajumlisha na THC kidogo iliyokwishakuwepo. Chukua kopo lililoandikwa THCA 22.4 na THC 0.6, piga hesabu inakuja kama 20.2. Muuzaji yeye atakusomea ile 22.4 kwa sauti kubwa. Hata hivyo hiyo ni hesabu ya mtu mkweli. Tatizo anaelipa maabara ni mkulima mwenyewe, na maabara inayotoa namba ndogo wateja wanaikimbia, kwa hiyo mwenye mzigo anazunguka mpaka anapata maabara ya kumpa namba anayoipenda. Sio maneno yangu ya barazani haya, kule Colorado watafiti walikwenda kununua maua madukani, sampuli 23 kutoka maduka 10, wakapima wenyewe na matokeo yakachapishwa 2023. Wastani waliopata ni karibu asilimia 15 wakati lebo zilikuwa zinaimba 20 na kitu, na sampuli kama saba katika kila kumi zilikuwa chini ya lebo kwa tofauti kubwa kabisa, sio ya kusema mashine imekosea.

Tuseme basi namba ni ya kweli, je inakufaidia nini? Chuo Kikuu cha Colorado pale Boulder walifuatilia watumiaji 121, utafiti wa 2020, wengine wanavuta maua na wengine wanavuta zile nta zilizokamuliwa za asilimia 70 mpaka 90. Damu za watu wa nta zilikuwa na THC nyingi zaidi mbali kabisa, lakini kulewa kwao na kulewa kwa watu wa maua kulikuwa karibu sawasawa. Na ulionikaa mie zaidi ni wa UC Davis, Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, wa 2013 kwa sababu ni wa watu wenye maradhi ya neva kama mimi. Wagonjwa 39, kwa zamu kila mmoja akapewa mvuke wa bangi ya asilimia 3.53, siku nyengine ya asilimia 1.29, siku nyengine isiyo na kitu. Ile ya 1.29 ilituliza maumivu karibu sawa na ile ya 3.53. Asilimia moja na ushee jamani! Dukani kwetu hata ukilia machozi huipati, ya chini kabisa ni ya kumi na kitu.

Mtoto wa kaka yangu hukubali kunipeleka dukani maana siendeshi usiku, na kila tukifika anasoma ile skrini.

"Shangazi, chukua hii ya 34, bei karibu ileile."

"Ya nini, mwanangu?"

"Si inafanya kazi haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Mie nataka kulala, sitaki kuruka."

Muuzaji akacheka, mtoto akacheka, lakini mie sikuwa natania. Kwanza 34 kwenye ua ni namba ya kuitilia shaka, maua yanayopita 30 kweli ni machache sana. Pili THC ikizidi mwili haulali, moyo unakwenda mbio, unapata wasiwasi usiojua umetoka wapi, kichwa kinazunguka, na mtu wa umri wangu akiinuka saa nane usiku kwenda chooni na kizunguzungu hicho anaweza kuvunja nyonga. Kwa hiyo mie nakaa kwenye 15 mpaka 20, na nikipata yenye CBD, kemikali nyengine ya bangi isiyolewesha, pamoja na THC nachukua hiyo kwanza.

Sasa kama namba haitoshi unaangalia nini. Mie naanza na pua.

Aliekulia Pemba msimu wa karafuu hafundishwi habari ya kunusa. Ukipita barabarani majamvi yametandazwa, unajua karafuu za huyu zimepata jua vizuri na za yule zimevundikwa mbichi kwenye gunia kwa sababu mvua ilimkuta. Iliyokauka sawasawa ukiivunja inakatika kwa sauti, na ukibonyeza kichwa chake kwa ukucha mafuta yanachungulia. Iliyovunda inapauka, inasinyaa, ina harufu ya uchachu, na hata ukiianika tena wiki nzima harufu ile hairudi. Bangi ni hivyohivyo, nami ndio maana sikuhitaji mtu wa kunifundisha. Na udugu wenyewe ni wa kweli, moja ya mafuta yanayonukia ndani ya bangi, kariofilini, ndio hilohilo lililomo kwenye karafuu na kwenye pilipili manga, na ndani ya mwili linashika kwenye moja ya vipokezi vilevile ambavyo THC inashika, bila kulewesha. Mara ya kwanza kunusa kopo moja lenye kariofilini nyingi nilisimama pale kaunta nikacheka peke yangu, harufu ya stoo ya baba.

Bangi iliyokaushwa vizuri inaning'inizwa gizani, kwenye ubaridi wa nyuzi kama 15 au 16 na unyevu wa hewa kama 60 kwa mia, siku kumi mpaka wiki mbili, halafu inawekwa kwenye vyombo vinavyofungwa na kufunguliwa kila siku ipumue, wiki kadhaa. Hiyo inachukua muda na muda ni pesa, kwa hiyo kuna wanaokausha kwa siku chache na feni na joto. Hiyo utaijua, ukifungua kopo inanuka majani makavu ya kulishia ng'ombe, basi, hakuna harufu nyengine. Ikinuka kama mkojo wa paka uliochacha, ule ukali wa amonia, ujue imefungiwa ingali na maji na vijidudu vimeshaanza kazi. Nzuri inanuka kitu, haijalishi kitu gani, ndimu, mchaichai, msonobari, rihani, pilipili, hata mafuta ya taa, lakini inanuka na harufu inabaki ukishafunga kopo. Nyingine cheti chake cha maabara kinaonyesha hayo mafuta ya harufu jumla asilimia 2 au zaidi, nyingine 0.5, na mie naiangalia hiyo kabla ya THC maana yanayoruka mwanzo ua likizeeka ni hayo. Yakiwa yamebaki, mzigo ni mpya na umetunzwa.

Sio kila duka wanakuruhusu kunusa. Mengi yanauza makopo yaliyofungwa kiwandani, ila maduka ya wagonjwa wakati mwingine wana kopo la sampuli, uliza tu, usione haya.

Vidole navyo vina kazi. Ua lenye unyevu wa sawa ukilibonyeza linarudi, ukikunja kijiti chake kinakatika. Kijiti kikipinda kama uzi bado kuna maji. Likisagika likawa unga kabla hujalitia kwenye kisagio ni kavu mno, halikudhuru sana ila litakukereketa koo na harufu imeshakwenda zake. Wataalamu wanapima maji yaliyo huru ndani ya ua kwa kipimo kinachotakiwa kisome kati ya 0.55 na 0.65, juu ya hapo ukungu unapata pa kuishi. Ukiikuta namba hiyo kwenye cheti mshukuru mkulima, maana wengi hawaiandiki.

Halafu macho, na hapa nisikilizeni vizuri. Nina lenzi ndogo ya sonara, ile ya kukunja, inakuza mara 60 na ina taa, niliagiza mtandaoni kwa bei ya sahani ya biriani. Ukiangalia ua zuri utaona msitu wa vinyweleo, kila kimoja kina shina na kichwa cha duara. Dawa yote imo humo kwenye vichwa. Vikiwa vyeupe kama maziwa vingi na vichache vya rangi ya kaharabu, ua limevunwa wakati wake. Vikiwa vioo vitupu limevunwa changa. Vichwa vikiwa vimekatika vimebaki vijiti vitupu, mzigo umechezewa au umezeeka. Sasa tofautisha na ukungu, maana kwa macho matupu vyote ni vyeupe. Ukungu hauna vichwa, unaonekana nyuzinyuzi zimelala, au unga uliopakwa juu ya jani.

Na ule mbaya zaidi haukai juu. Niliwahi kununua kopo duka moja silitaji, ua limenona, zuri la kupigia picha, lenzi haikuona kitu kwa nje. Nikalipasua katikati kwa vidole kama ninavyofanya siku zote, ndani pembeni ya kijiti kuna kijivu, kilaini, kinavumbika nikikigusa. Ule ni uozo wa ndani wa ua, maua makubwa yaliyoshikamana ndio yanapatwa zaidi kwa sababu hewa haipiti katikati. Nikapiga picha pamoja na namba ya mzigo kwenye lebo, nikarudisha, wakanibadilishia bila maneno mengi, nikaandika na malalamiko kwa Tume. Tangu hapo nasema na kila mtu, ua kubwa la kuvutia lipasue kwanza, sio usage moja kwa moja, ukishasaga hutoona tena kitu.

Kwa mtu mzima mwenye kinga yake ukungu utamkohoza tu labda. Kwa alie kwenye dawa za saratani, aliebadilishwa figo, au mwenye virusi vya ukimwi na kinga imeshuka, kuna kuvu wanaitwa Aspergillus, wakiingia kwenye mapafu wanaweza kuua, na moto wa kuvutia hauwamalizi wote. UC Davis mwaka 2017 walichukua sampuli 20 za maduka ya Kaskazini mwa California, wakakuta bakteria na kuvu chungu nzima, wakiwemo wa kuua mtu asie na kinga, wakawashauri wagonjwa wa namna hiyo wasivute wala wasitumie mvuke kabisa. Yaani wale ambao bangi hii imehalalishwa hasa kwa ajili yao ndio maua haya yanawatisha zaidi. Kama una mtu wa hivyo nyumbani, mtafutie vidonge au matone yaliyopimwa na umwambie daktari wake, achana na maua hata yawe mazuri vipi.

"Lakini si yanapimwa?" Yanapimwa, ndio. Massachusetts kila mzigo unakwenda maabara ya nje, ukungu na hamira ukipita vijidudu 10,000 kwa gramu umefeli. Ila katikati ya 2025 Tume hiyohiyo ilisimamisha leseni ya maabara moja kubwa ya jimbo, ikiituhumu kwamba maelfu ya majibu yaliyofeli ukungu hayakuripotiwa inavyotakiwa. Nilivyosoma habari hiyo nilikwenda kabatini kuangalia makopo yangu yamepimwa wapi. Cheti sikitupi, nakisoma sana, lakini nakisoma nikiwa na lenzi mkononi. Na ujue vilevile kwamba mzigo ukifeli ukungu mkulima anaweza kuutibu, kwa mionzi au kwa gesi ya ozoni, ukapimwa tena ukapita. Sio haramu, na wengine wanasema kwa mgonjwa ni salama zaidi, lakini mie napenda kujua, kwa hiyo nauliza, "huu umetibiwa?" Akijua jibu, duka hilo lina watu wanaojua mzigo wao.

Cheti chenyewe unakipata kwa kuskani msimbo wa QR kwenye lebo au unakiomba kaunta. Cha kwanza namba ya mzigo, ya kwenye cheti na ya kwenye kopo zifanane herufi kwa herufi, nimeshaonyeshwa cheti cha mzigo mwingine kabisa na muuzaji wala hakujua. Cha pili tarehe, na angalia ni tarehe ya nini, maana ya kufungasha inaweza kuwa ya wiki iliyopita wakati mavuno ni ya mwaka jana. THC nayo inachoka, mwanga na joto na hewa vinaigeuza polepole kuwa CBN, kemikali nyengine inayolewesha kidogo tu, na namba kwenye lebo ni ya siku ya kupimwa, haikufuati mpaka nyumbani. Mie zaidi ya miezi sita tangu mavuno siinunui kwa bei kamili.

Halafu dawa za wadudu. Hapo pana kisa cha Kanada ambacho kila mgonjwa angepaswa kukijua. Mwisho wa 2016 kuingia 2017 makampuni yenye leseni kamili ya kuuzia wagonjwa yaliita mizigo irudishwe baada ya kukutwa na maiklobutanili, dawa ya kuua kuvu ambayo ni ya kawaida kwenye mizabibu. Kwenye zabibu unayoosha ukala ni jambo jengine, lakini ukiipasha moto inaweza kutoa gesi ya sianidi, na mgonjwa wa bangi kazi yake ni kuipasha moto. Baada ya hapo ndio serikali ya kule ikafanya kupima dawa za wadudu kuwa lazima. Kwenye cheti tafuta ukurasa huo wa dawa za wadudu, utaona safu ndefu ya majina na mbele yake ND, maana yake hazikuonekana. Ukurasa ukikosekana kabisa, uliza kwa nini.

Na madini mazito, risasi, kadimiamu, arseniki, zebaki. Mmea huu unanyonya sumu za ardhini vizuri mno, kiasi kwamba watu wamewahi kuupanda kusafishia ardhi iliyochafuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walitoa majibu 2023 kwamba wanaotumia bangi damu zao zina risasi na kadimiamu zaidi ya wasiotumia. Ndio maana ile ya mtaani, ya "mshkaji analima mwenyewe", mie siigusi hata iwe ya bure. Huyo mshkaji udongo wake ameupima wapi?

Indika na sativa, yale majina mawili ya aina za bangi wanayoyagawia madukani, nitasema kwa ufupi maana zimeshanichosha. Utaambiwa indika inalaza, sativa inachangamsha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walipima karibu sampuli 300 mwaka 2021 wakakuta majina hayo hayaendani na ukoo wa mmea, yanaendana kidogo tu na harufu chache. Iliyonilaza mimi vizuri kuliko zote iliandikwa sativa. Jivu kuwa jeupe ukivuta nalo sio cheti cha usafi. Rangi ya zambarau ni rangi tu, kama ya bilingani, haina dawa ndani.

Za kula na za matone ndio nimehamia zaidi siku hizi, na huko pua na lenzi havikusaidii, umebaki na lebo tu. Mwaka 2015 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha vipimo vya bidhaa 75 za kula zilizonunuliwa San Francisco, Los Angeles na Seattle: zilizosema kweli ni 17 kwa mia, 60 kwa mia zilikuwa na THC pungufu ya lebo, na 23 kwa mia zilikuwa na zaidi, na hizi za zaidi ndizo zinazopeleka watu hospitali. Mambo yamekaa sawa kidogo tangu hapo kwenye majimbo yenye sheria kali, lakini mie kila kopo jipya la peremende naanza na nusu ya dozi yangu, miligramu 2.5, hata kama ni kampuni ileile. Na nasubiri saa mbili kwenye saa ya ukutani, maana ya kula inapitia ini kwanza, inachelewa, ukiona kimya ukaongeza ndio zote mbili zinakuja pamoja. Mafuta ya CBD ya kuagiza mtandaoni sisemi sana, vilipimwa vichupa 84 mwaka 2017, vilivyosema kweli havikufika hata theluthi, na 18 vilikutwa na THC. Mtu anakunywa akijua ni CBD tupu, Jumatatu anapimwa mkojo kazini.

Vepu za katriji, yale mafuta ya bangi ya kuvuta kwa sigara ya umeme, mie sitaki. Mwaka 2019 watu walianza kufa na mapafu, mpaka Februari 2020 Marekani nzima waliolazwa au kufa ni 2,807, waliokufa wakiwa 68, na aliekuja kuonekana mkosaji mkuu ni mafuta ya vitamini E yaliyotiwa kuzidisha uzito kwenye katriji za THC, nyingi zikiwa za mtaani. Gavana wetu wa wakati huo alifunga mauzo ya vepu zote jimboni kwa muda. Za madukani sasa zinapimwa, najua, lakini siwezi kunusa wala kupasua katriji, basi.

Muuzaji mchukulie kwa alichonacho. Anajua harufu, anajua nini kimeingia jana, wengine ni vijana wazuri sana wenye subira, lakini sio daktari. Mwaka 2018 watafiti walipiga simu maduka 400 ya Colorado wakijifanya wajawazito wenye kichefuchefu, karibu saba katika kila kumi wakashauriwa watumie bangi. Kwa hiyo mie muuzaji namuuliza mavuno ya lini, maabara ipi, umetibiwa au haukutibiwa. Habari ya dozi na kuchanganya na vidonge vyangu namuuliza mfamasia, maana CBD inazuia ini kusafisha baadhi ya dawa, na anaetumia warfarini kwa mfano damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi bila kujua.

Bei, haya. Kadi ya mgonjwa Massachusetts inakuondolea kodi ambayo wengine wanalipa, inayofika mpaka asilimia 20, kwa hiyo kwangu kununua kopo dogo kila wiki mbili kunanifaa kuliko kununua kubwa la punguzo likazeekea kabatini. Ua nalihifadhi kwenye kopo la kioo lisilopitisha mwanga, na kile kipakiti cha kurekebisha unyevu cha asilimia 62, ndani ya kabati la nguo na sio jikoni, kabati lina kufuli kwa sababu ya wajukuu, hasa zile peremende.

Wengine mmeniuliza nikija likizo nakuja nayo. Hapana, wala nusu gramu. Kadi ya Massachusetts haikupi ruhusa ya kusafiri nayo, uwanja wa ndege uko chini ya serikali kuu, Dubai na Doha tunakopitia hawana mchezo na mtu, na kwetu sheria za dawa za kulevya, ya Tanzania Bara na ya Zanzibar, hazijui mkanda wa jeshi wala barua ya daktari wa Worcester. Hata mafuta ya CBD ya kupaka nayaacha, na mkoba naukung'uta kabla ya safari kuona hakuna peremende iliyosahaulika mfukoni. Nikiwa Wete natumia gabapentini na plasta zangu, na cheti cha daktari kwenye bahasha, usiku nalala upande wa kulia.